Kina Saidi Mohamedi Wanne

Jumatano, Ikwiriri

Eti mimi nadharau watu. Asubuhi nzima Bi Mwajuma, mkuu wangu, kabadilisha kwenye kompyuta majina ya picha za leseni za wavuvi wa Salale, moja moja, kwa kidole kimoja, kama anachambua mchele. Na lakabu anaandika! Saidi Mohamedi Kibogoyo, Saidi Mohamedi Pweza. Hii ofisi au kijiwe cha kahawa?

Mimi wiki mbili najifunza skripti, yaani kuiandikia kompyuta amri zote kwa mpigo, ijifanyie kazi yenyewe. Alipokwenda kuswali adhuhuri nikaendesha ya kwangu: iondoe lakabu zote, libaki jina na la baba. Sekunde mbili tu. Nikacheka peke yangu.

Aliporudi akakodolea macho kioo cha kompyuta. "Kina Saidi Mohamedi walikuwa wanne. Mbona naona sura ya Pweza tu?"

Kumbe majina yakifanana, picha inafuta picha. Na nakala sikuweka, fundi mimi.

Kesho napanda boti kwenda kuwapiga picha upya. Wakigoma, leseni hawapati, na lawama zangu.

"Ukifika usiulizie Saidi Mohamedi," kasema Bi Mwajuma. "Watakucheka."

Hata mimi naitwa Saidi Mohamedi. Tangu alasiri, ofisi nzima inaniita Saidi Mfutaji.