Vitufe Visivyo na Majina

Dada Neema, shikamoo kutoka Gisenyi!

Kuna ubaridi mtamu, na sambaza, visamaki vya ziwani, za kukaanga zimenipaka mafuta vidoleni, ndiyo hayo madoa kwenye kadi.

Ile programu yetu ya bure ya kuandikia barua kwenye Linux, uliyonichorea picha za vitufe, nimempelekea Mama Furaha, katibu wa wauza samaki wa Rubona, karibu na hapa. Haoni; kompyuta humsomea kwa sauti. Nikajigamba weee! Sauti ikasoma: "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Nilisahau kuvipa majina!

Mama Furaha akazima skrini, akanisogezea kompyuta. "Bon, sasa we andika barua, uiweke."

Nikapapasa, nikaifuta yote.

"Umeona? Mi kila siku naomba mutu anisaidie."

Nikakaa palepale, nikaandika jina la kila kitufe, naye akijaribu kimoja kimoja. Kisha akaandika barua, akaihifadhi mwenyewe. Nikanyoosha mkono niwashe skrini nisome. Akaushika.

"Acha. Hii iko ya mi na dada yangu ya Goma."

Kadi hii hata watu wa posta wataisoma, dada. Ile barua ya Mama Furaha, hakuna wa kuisoma ila dada yake.

Nakukumbuka mno. Wabusu watoto.

Mdogo wako, Juma