Cheti cha Baraza na Gari la Langley Park

Langley Park, Maryland
21 Juni 1998

Mpendwa mwanangu Lusekelo,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Mama yako mgongo umemwachia? Mwambie mdogo wangu huyo aache kubeba mikungu ya ndizi kichwani, si msichana tena. Wewe, mkeo na watoto hamjambo? Sisi wazima. Magoti yananisumbua ngazini, mengine yote yanafanya kazi. Anayeandika ni Anna, mke wa Eliudi wangu. Mimi nasema, yeye kashika kalamu.

Umeniandikia, "Mama mkubwa, tangu lini mtu asiyekaa darasani akaendesha shule?" Cheka, halafu usome. Tangu tarehe sita mwezi huu nina cheti cha ujumbe wa baraza la shule, kimetiwa sahihi na muhuri.

Shule yenyewe ni ndogo, iko Washington, wameianzisha Wamarekani weusi na wanafundisha Kiswahili. Mjukuu wangu Vumilia anasoma pale. Zamani nikimsemesha ananijibu Kiingereza. Siku hizi ananiamkia, tena ananigombeza kwa Kiswahili. Mwaka jana waliniomba niingie baraza lao. Tuko watu tisa, tunajitolea tu.

Mwezi wa pili mwenyekiti, anaitwa Baruti, alisema kikaoni gari la shule lisije tena huku kwetu kuanzia Septemba. Watoto wa Langley Park wanachelewa kushuka kutoka ghorofani, na gari zima linafika limechelewa. Ni watoto kumi na wawili, Vumilia mmojawapo. Bila gari hasomi pale, kwa sababu Anna na Eliudi wanaingia kazini alfajiri, na mimi siwezi kupanda mabasi mawili kwa magoti haya.

Nilikasirika, nikanyamaza. Wewe unajua kwetu mtu mzima akinyamaza kwenye kikao, shauri halijaisha, mnamfuata nyumbani kumuuliza kilichomkera. Nikarudi, nikafagia, nikapika chai ya maziwa birika zima, nikawangoja. Jumapili ikapita. Jumatatu ikaja barua: wajumbe wote wamekubali, na jina langu limo. Anna aliposoma akaniangalia. "Mama, ulikubali gari liondoke?"

Nikampigia Baruti simu. "Mbona hamkuja?"

"Kuja wapi, Bibi?"

"Kwangu! Nimenyamaza kikao kizima, hukuona?"

"Niliona. Nikafurahi kwamba tumeelewana."

Kumbe kwao nikinyamaza nimesema ndiyo. Akaniambia sheria yao: shauri lililopita linaweza kurudishwa, ila tu na mjumbe aliyehesabiwa kukubali. Basi nikaona mlango. Lakini shauri lingerudi kikao cha Juni, na kuanzia Juni asiye na cheti cha mafunzo hapigi kura. Nikamwambia aniandike jina.

Nimesoma Jumamosi kumi. Mwalimu wetu Folasade Kiswahili alikijifunzia chuo kikuu, kimenyooka kama kimepigwa pasi. "Bibi, tafadhali, usimkatize msemaji." Kila Jumamosi. Wenzangu waliandika, mimi nilishika kichwani, na jioni Anna alinisomea zile karatasi hadi anasinzia.

Mtihani wangu ulikuwa wa mdomo, na mara ya kwanza nilianguka. Folasade aliuliza, mjumbe akisikia mwalimu anafundisha vibaya afanye nini? Nikasema nitaingia darasani nimwonyeshe. Hapana! Baraza haliingii darasani, linazungumza na mwalimu mkuu. Iliniuma, maana mimi nimelea watoto saba kwa kuingia kila chumba. Mara ya pili akauliza, shauri likimhusu ndugu yako je? Nikajibu, "Natoka nje, na sisikilizi mlangoni." Akacheka mpaka akavua miwani. Nikapita.

Na kwa hiyo kikao cha tarehe kumi na tatu, kabla ya yote, nilisimama nikawaambia mjukuu wangu anapanda gari hilo, wakitaka nitoke. Baruti akasema kila mjumbe pale ana mtoto shuleni, kaa. Nikaomba shauri lirudishwe. Nikasema watoto hawachelewi kwa uvivu, ila hakuna mtu mzima wa kuwakusanya, na wazazi wao wameshaondoka. Nitawakusanya mimi.

Mikono minne kwa minne. Umebaki wa Baruti.

"Bibi, watakuwa chini saa kumi na mbili na nusu?"

"Watakuwa."

"Asiyekuwepo?"

"Gari liende."

"Na kama ni Vumilia?"

Lusekelo, hapo nilitaka kuongea mengi. Nikasema, "Liende, hata akiwa Vumilia." Akanyoosha mkono. Gari limebaki.

Sikumficha mtoto. Nilimwambia nilichoahidi mbele za watu, akanuna siku nzima, halafu akaniomba nimnunulie saa ya kengele. Iko kichwani mwa kitanda chake, tumeijaribu, imewaamsha na majirani.

Nisalimie mama yako Tumpe, Nehemiah na mkewe, na Serah, mwambie picha za harusi sijaziona. Anna na Eliudi wanakusalimu. Mungu awalinde nyumba nzima, awape usingizi mzuri na chakula cha kutosha. Nakupenda, hata unaponicheka.

Mama yako mkubwa akupendaye,
Tupokigwe