Homa Niliyoificha kwa Ajili ya Hina

Mpendwa Bi Dama,

Assalaam aleikum, naomba msaada wako kabla ya Alhamisi, maana hapa nilipo natetemeka chini ya kanga mbili na mume wangu Fuad hajui, nimemwambia ni uchovu tu. Nina lupasi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe, na dawa zangu huipunguza hiyo kinga, basi kikohozi cha mtu kwangu huwa kitanda cha hospitali, kama mwaka jana niliporudi harusini na nimonia nikawekewa oksijeni. Tangu hapo tumehamia Tudor, mbali na msongamano wa watu, nami naukumbuka Mji wa Kale mpaka machozi, nyumba yetu haifungwi mlango, mabinti wa mtaa mzima wamejilaza ukumbini nikiwapaka hina, asumini zanukia, tukila sinia moja na kucheka mpaka marehemu mama agonge ukuta, na sasa dadangu Fadhiya anamwoza binti yake Alhamisi hiyo, na binti huyo nilimwahidi hina yangu tangu ana meno ya maziwa, lakini dadangu hajui habari ya lupasi, naona haya kuitwa mgonjwa, naye ashasema mbele za watu, "Mwanaesha siku hizi mtu wa Tudor, sisi katuona taka." Niende vipi homa isijulikane?

Mwanaesha, Tudor

Mwanaesha mamangu,

Barua yako sikuingojeza zamu. Nilikupigia papo hapo, ukanijibu, "Nitakwenda hospitali baada ya harusi." Nilikufokea, na radhi siombi. Kwa mwenye dawa kama zako, homa si ya kufunikwa kanga wala kumezewa panadoli; ni ya hospitali siku ileile. Shukuru Fuad alisikia kelele zangu akakutoa nyumbani.

Nakuelewa. Nami nimelelewa nyumba za milango wazi, na zikinijia ndotoni huamka na kwikwi. Lakini huwezi kuzirudisha kwa kufa.

Leo umeniandikia kutoka wodini kwamba maambukizi ya kifua yamewahiwa. Harusi imepita bila wewe, na imekuuma. Ila Fadhiya alikuja, akasimama mlangoni na barakoa, akalia: "Mbona hukuniambia? Nimekununia mwaka mzima, kumbe wewe wapigania pumzi!"

Basi haya yamekwisha. Dawa usiziache kwa hofu. Muulize daktari chanjo zipi zakufaa, kwani nyingine hazikufai. Ukipata nguvu, mwite bi harusi na mamake, wawili tu, wasiwe na mafua, madirisha wazi, umpake. Hina ya baada ya harusi nayo ni hina.

Na homa nyingine ikija, mwambie Fuad kwanza. Mimi nipigie ukishafika hospitali.

Bi Dama