Kubadhi la Alhamisi

Kiponda,
Unguja.
20 Aprili, 1969

Mpendwa mdogo wangu Abrahman,

Assalaam alaykum. Barua yako niliipata Jumatatu, imelowa pembeni, lakini maneno yote yalisomeka. Nimefurahi kusikia kwamba nyote wazima, na kwamba kifua cha mkeo Bi Tamima kimetulia. Mwambie asiache kunywa tangawizi hata akijiona mzima.

Sisi huku hatujambo, ila magoti yangu na macho yangu, ambayo unayajua. Masika yameshika. Chumba cha juu kinavuja pale pale palipokuwa pakivuja wakati wa marehemu baba, na shangazi yetu Bi Mize ameweka sufuria ile ile.

Hongera kwa posa ya mwanao Zahor. Juzi tu alikuwa akinipanda mgongoni, leo anaoa. Mungu amjaalie nyumba yenye masikilizano.

Sasa nije kwenye ombi lako. Umesema unataka kufungua karakana ya makubadhi huko Mombasa, na unataka nikuletee Usi, mume wa mwanangu Mwanakheri, awe msimamizi. Umesema neno langu moja linatosha. Ndilo lililonichelewesha kujibu, kwa sababu neno hilo sinalo tena. Nivumilie nikueleze, maana ukiambiwa nusu utadhani tumegombana kwa ukali wa uzee wangu.

Nilipoacha kufundisha kazi za mikono skuli na kuanza karakana, sikuanza na ngozi. Nilianza kwa kutazama miguu ya watu. Mtu wetu hutawadha nyumbani, akatia mguu mbichi ndani ya kubadhi, akenda zake msikitini. Hufanya hivyo mara tano kwa siku. Kwa hiyo kiatu chake si kiatu cha nchi kavu, hata kama hakuna mvua. Ndiyo sababu wayo wa kubadhi langu una ngozi mbili zilizoshonwa pamoja kwa uzi wa nta, sindano ikipita juu mpaka chini. Nta huzuia maji, na uzi ukilowa hukaza zaidi.

Na kazi yenyewe niliipanga ifuate kiatu. Mmoja anakata, mmoja analoweka na kugonga, wawili wanashona, wa mwisho anaanika kivulini na kupiga muhuri wangu. Ngozi ikianikwa juani hukauka upesi, lakini hupinda. Watu walidhani nawachelewesha kwa kupenda kwangu.

Macho yalipopungua nguvu nilimwachia Usi kazi yote, nikabakisha jambo moja tu. Kila Alhamisi ataniletea nyumbani kubadhi moja katika kazi ya wiki ile. Naliloweka katika beseni usiku kucha, asubuhi nalikunja na kupapasa mshono wote kwa kidole. Hata siku moja halikufunguka. Nilikuwa nikisikia raha, Abrahman. Nilipapasa mshono, nikaona unavutwa kidogo upande wa kushoto kama wangu, nikasema moyoni, mkono wa Usi umeanza kufanana na mkono wangu.

Siku ya Idi Kubwa aliniletea jozi mpya, akanivalisha mwenyewe. Niliiweka kwa ajili ya Ijumaa tu. Jua la kaskazi lilipokuwa kali, haikunisumbua. Ijumaa ya wiki iliyopita mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nimefika mlango wa msikiti, nainua mguu wa kulia, wayo ukabaki chini kwenye sakafu. Nikabaki na kanda juu ya mguu kama pingu.

Makungu, yule rafiki yangu muuza kahawa, alikuwa nyuma yangu.

"Mwalim, kubadhi limekupa talaka."

"Limechoka na uzee," nikamwambia.

"Uzee gani? Wayo wangu nao umeng'oka juzi. Wa shemegi yangu umeng'oka kabla ya wangu. Tukasema, labda Mwalim siku hizi anatushonea kwa mate."

Watu walicheka, na mimi nikacheka, maana ningefanya nini? Lakini swala ile sikujua niliisalije.

Nyumbani niliuweka wayo ule dirishani kwenye mwanga. Hapakuwa na mshono. Palikuwa na alama za mshono, zilizopigwa kwa kigurudumu cha meno kisha zikapakwa nta ili zing'ae. Iliyoshika ngozi mbili ilikuwa gundi ya kopo. Na katikati, umepigwa vizuri kabisa, muhuri wangu.

Nilimwita Jecha, fundi wa mwanzo kabisa karakanani. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akanitazama kwa mshangao. "Mwalim, si amri yako? Usi alituambia umebadilisha mtindo mwenyewe, na kwamba hutaki kuulizwa, kwa sababu jambo lenyewe linakuuma."

Basi hata ukimya wao ulikuwa ni heshima kwangu.

Usi alikuja jioni. Hakukanusha, hilo namshukuru.

"Baba, uzi haupatikani. Nshazunguka Darajani yote. Na watu wanataka viatu vya Idi, hawataki wosia."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia, ungekataa."

"Na hao waliokurudishia viatu vibovu?"

"Niliwabadilishia, baba. Hakuna aliyelia."

Unajua mimi si mtu wa kuabudu uzi. Kama angenijia na tatizo, tungekaa chini tukabuni kiatu kingine. Tungetumia ngozi moja nene badala ya mbili, tukafunga kanda kwa ukanda wa ngozi ile ile, hata uzi usingehitajika. Kubadilisha kazi si kosa. Yeye alibadilisha kilicho ndani, akaliacha umbo la nje lishuhudie uongo, na jina langu liwe shahidi wa pili.

Nikamwuliza swali la mwisho. Kama karakana nzima inagandisha kwa gundi, hilo kubadhi la Alhamisi lilikuwa likitoka wapi? Akainuka, akavaa viatu vyake, akenda zake.

Aliyejibu ni Mwanakheri, siku ya pili, alipokuja peke yake. Alisimama mlangoni, hakuketi. "Nikishona mimi, baba. Kila Jumatano. Alisema tusikutie majonzi na macho yako haya."

Mkono ule uliofanana na wangu ulikuwa wa mwanangu, niliyemfundisha mwenyewe kushika sindano angali mdogo. Ya Usi nitayasahau labda. Hili najaribu kulisahau, nalo kila nikigusa mshono linarudi.

Kwa hiyo jibu langu ndilo hili. Usi ni fundi hodari, hanywi, hapigi mkewe, na anaamka mapema. Hayo yote ni kweli. Ukimtaka, mwite, na mimi sitamzuia. Huenda mji mwengine ukamtengeneza. Lakini kumdhamini siwezi.

Bi Mize anakusalimu, anauliza kama bado unakoroma. Jecha anamsalimu Zahor. Mwanakheri anawasalimu nyote; alikuja jana tena, na safari hii aliketi. Usi hakuniagiza salamu, nami sikumwuliza.

Aliyekuletea barua hii amechukua pia makubadhi ya bwana harusi. Nimeyashona mwenyewe kwa uzi wa mwisho uliokuwa ndani ya sanduku langu. Muhuri sikuupiga. Yakikufikia, usimvalishe mtoto kwa sababu tu yametoka kwangu. Yaloweke usiku kucha, asubuhi yakunje, upapase mshono wote kwa kidole. Yakiwa yameshika, ndipo umpe.

Mola akuwekeeni salama, aitie baraka nyumba mpya, na atukutanishe kabla macho yangu hayajaniaga.

Ni mimi kaka yako, mwenye kukupenda daima,
Muhiddin