Jina Ambalo Mama Hoza Hakulitaja

Jumatano. Ukungu umeshuka Lukozi hadi mlangoni, viazi viko jikoni, na mimi nacheka peke yangu.

Leo tulikuwa Tanga mahakamani. Kwa mgeni wa blogu hii: tumeishtaki halmashauri kwa sababu sakafu ya choo cha shule ilikatika, mwanangu akatumbukia na kuvunjika mguu. Mguu ulipona. Utani wa wenzake ndio haukuisha, nikamhamishia kwa shangazi yake Bumbuli, ambako hakuna anayejua. Aliniruhusu nishtaki kwa sharti moja: asitajwe.

Hata hapa simtaji.

Lakini nilitaka picha za ile sakafu zionwe na kila mtu, maana watoto wengine bado wanatumia vyoo vya namna ile. Wakili wetu akaomba yote mawili: kesi isikilizwe hadharani, majina yetu yafichwe. Jaji akakubali. Nikajiona mjanja kweli.

Nilisahau kwamba huku kwetu ukishazaa unaitwa kwa jina la mtoto, basi.

Jirani yangu Mama Hoza, aliyemvuta mwanangu kutoka shimoni kwa kanga yake, akapanda kizimbani. Alipoapa ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba anaitwa Mwanaidi. Miaka yote tunaombana chumvi! Mwanasheria wa halmashauri akamuuliza kama ananifahamu. Sana, akasema.

"Kwa jina gani?"

Nadhani swali lilimtoka kwa mazoea tu. Waandishi wa habari walikuwa benchi la nyuma, kalamu mkononi. Mama Hoza akafungua kinywa. Nikafumba macho.

"Mheshimiwa, mimi namwita kwa jina la mtoto, nalo mmetukataza. La kwake mwenyewe silijui."

Watu wakaangua kicheko, jaji naye. Nilitamani kumkumbatia palepale. Tulipofika Mombo, njiani kurudi, Mama Hoza akaninong'oneza, "Hivi mwenzangu, unaitwa nani?"

Kesi bado ni mbichi, ila nina furaha.

Mwanangu yuko likizo. Nilimkuta mlangoni.

"Shikamoo mama. Wamenitaja?"

"Marahaba. Hawajakutaja."

Nilipomsimulia alicheka hadi akakaa chini. Mara Mama Hoza akapaza sauti kutoka ng'ambo ya bonde, ananiita kwa jina lilelile, bonde zima linasikia. Nikamtazama mwanangu kwa wasiwasi.

"Mwitikie, mama," akasema. "Hapa ni kwetu."

Nikaitika kwa nguvu zangu zote.