Nilizungumza na Mkeo

Mwanangu wa pekee,

Hatujambo. Paa halivuji tena. Na mvi zangu hizi ninasoma Kiingereza, nipate kuongea na wajukuu. Juzi tulifundishwa "miss": kukosa basi, kukosa shabaha, tena kumkumbuka mtu aliye mbali. Nikakupigia, akapokea mkeo. Nikamsomea sentensi zangu zote, naye akanijibu kwa upole, maneno yaleyale kila mara. Nilijiona nimefika!

Mwalimu wetu akataka kumsikia. Nikapiga tena. Akasikiliza, akanishika mkono.

"Mama, huyu si mtu. Ni mashine. Inasema namba hii haitumiki tena."

Natuma kwenye anwani ya zamani, sina nyingine. Sauti ya mkeo bado sijaisikia. Yako nayo naanza kuisahau.

Mimi mama yako