Dawa Niliyomwaga Kwa Goli

Kibomet, Kitale
Jumanne asubuhi

Kwako mke wangu, mama Nafula,

Pokea salamu mingi kutoka kwa bwana yako. Goti lako linaendeleaje na hii baridi? Yule ng'ombe wa pembe moja amezaa ama bado? Na maharagwe uliyopeleka soko ya Sirisia, yalitoka? Mimi mwili hauna neno, nakula, natembea, vijana huku wananiita Chuma. Ni roho ndiyo inanitesa. Ningepiga simu lakini simu yako inakaa dukani ikichajiwa na mwenye duka hupokea kama yake. Haya maneno si ya duka. Wewe ulifika darasa la saba, mimi la tatu, soma peke yako, ukimaliza choma.

Unajua nilikuja kuchunga hii stoo ya mahindi ya tajiri. Mahindi ikiisha, stoo inabaki tupu miezi mingi, simiti chini, mabati juu, na funguo iko na mimi. Nikasema, si huu ni ukumbi? Nikakusanya wabeba magunia wa mtaa wa Kipsongo nikawaambia, "Mimi nilikuwa nikidaka mpira Bungoma nzima inanyamaza. Nitawafundisha." Tukaingia ligi ndogo ya mpira wa ndani, watu watano kila upande. Timu nikaiita Gunia FC. Hakuna mzee mwingine Kitale amefanya hivyo, uliza.

Lakini huu mpira wa ndani una tabia yake. Mpira wenyewe ni mzito, haurukiruki. Nilipouona nikasema hawa wametupatia mpira umekufa. Nikaupeleka kwa fundi wa baiskeli akaujaza upepo mpaka ukalia kama ngoma. Mechi ya kwanza ukagonga mabati, ukagonga taa, ukaingia goli yetu. Refa akaniambia, "Mzee, huu mpira unatakiwa kuwa mzito hivyo." Nikamwambia mimi nilicheza kabla babake hajaoa. Tulifungwa tisa. Tukaendelea kufungwa msimu wote. Ikabaki mechi moja, hapa kwetu. Tukishinda tunabaki ligi, tukishindwa tunatolewa.

Hapo ndipo tajiri akaleta neno. Watu wamevuna mapema, mahindi mapya yanaingia Jumatatu, na mechi ni Jumamosi. Akasema, "Mzee, mwaga dawa ya wadudu sakafu na kuta, halafu funga mlango. Mtu asiingie mpaka Jumatatu." Nikasema sawa tajiri. Mechi sikumtajia. Ijumaa nikamwaga ile dawa ya unga, peke yangu. Jumamosi alfajiri nikafagia, na unanijua nikishika ufagio. Lakini kwa pembe za ukuta, pale tunaweka goli, ilibaki. Niliiona. Nikatupa makapi juu yake nikasema itatulia.

Kipa wetu anaitwa Rashidi. Anavuta mkokoteni, anakaa nyuma ya msikiti na mke na watoto watatu. Anadaka karibu kama mimi enzi zangu, na wewe unajua mimi sisifu mtu ovyo. Aliingia tu akanusa. "Mzee, hii harufu ni ya nini?"

"Harufu haifungi goli," nikamwambia. Wakacheka wote.

Tukawa mbele mbili kwa moja. Mara ya kwanza tangu tuzaliwe! Rashidi akajitupa chini pale pembeni, akatoa mpira, uso ukasugua sakafu. Akainuka akipanguza macho.

"Mzee, macho inachoma. Nitoe."

Ilibaki dakika kama kumi. Kipa wa akiba hata ukimrushia mkate ataangusha. Nikasema, "Panguza na jezi bana, cheza."

"Mzee, sioni vizuri."

"Si una masikio? Daka na masikio!"

Nilisema hivyo, mama Nafula. Na watu wakacheka tena. Na yeye akadaka, macho imefungwa, akadaka mbili. Tukashinda. Vijana wakanibeba juu wakiimba jina langu, na kutoka kule juu nikamwona Rashidi amekaa chini ameshika uso, anauliza maji iko wapi.

Nikampeleka hospitali, wakamuosha, wakafunga macho yote mawili. Daktari akauliza, ni nini iliingia? Nikajibu mbio, vumbi ya mahindi. Jumapili nikasema hivyo, jana hivyo. Mke wake analeta uji, anamimina kikombe ya bwana yake na kikombe yangu. Jana Rashidi akanishika mkono akasema, "Mzee, bila wewe ningekuwa nimelala nyumbani na haya macho. Mungu akuweke." Nikaweka kikombe yangu chini.

Leo asubuhi nimechukua pakiti ya dawa nikampelekea daktari. Hakunitusi. Aliisoma pande zote, akasema, "Ungeniambia Jumamosi." Akaniuliza kama Rashidi anajua. Nikasema bado. Wamebadilisha dawa, na bandeji wanafungua Ijumaa. Daktari hakuniahidi kitu.

Nilitaka nimwambie sasa, akiwa amefungwa, asinione uso. Halafu nikaona huko ni kujificha. Nitamwambia Ijumaa nikiwa nimesimama mbele yake. Akiona, aone ni mimi. Asipoona, nitainama anishike uso na mikono yake, ajue ni nani anasema.

Kwetu mtu mwenye kosa haendi kukiri peke yake, mtu wa nyumba yake husimama naye. Kwa hivyo kuja Alhamisi; hii barua nampa dereva wa matatu, itakufikia leo. Mkokoteni wa Rashidi nitavuta mimi, watoto wake wasilale njaa, hata kama ni mpaka nife. Usiniambie mimi ni mzee.

Salimia mama mkwe, mwambie kikohozi chake sijasahau. Salimia ndugu yangu mdogo, na mama kiongozi wa kwaya. Nafula binti yetu akipiga simu, usimwambie kwanza.

Ni mimi mume wako, ambaye hajawahi kuomba mtu kitu. Leo naomba. Kuja.

Baba Nafula